Bei ya Kuangalia Mkoba

Fundi cherehani alifungua duka saa mbili asubuhi, kama kawaida. Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba waliyopanga. Aliivuta cherehani karibu na mlango ili apate mwanga, akatia uzi kwenye sindano. Mumewe, mpishi wa shule, alikuwa anafunga kamba za viatu ili aende kazini.

"Mke wangu, kodi ya duka ni wiki ijayo," alisema. "Safari hii sina cha kukuongezea. Ukishindwa, chumba tunakirudisha."

"Kazi itakuja."

"Kazi mbona ipo kila siku? Hela ndiyo siioni."

Mume aliondoka. Hata vumbi la viatu vyake halijatua, wanawake wawili waliingia bila hodi. Wote walivaa magauni yaliyoshonwa na fundi huyo. Mshono ulikuwa mmoja: mikono mirefu, bitana, zipu mgongoni.

Mmoja alikuwa msafishaji wa zahanati. Mwingine alikuwa jirani yake, mama mnene mwenye kandambili zilizoliwa visigino.

"Fundi," alisema msafishaji, "huyu umemshonea kwa shilingi ngapi?"

"Dada yangu, karibu kwanza ukae..."

"Sikai! Elfu kumi. Mimi je? Elfu ishirini! Kitambaa kila mtu alikuja na chake. Mshono ni uleule. Hiyo elfu kumi nyingine ni ya nini? Ya kunipima kiuno?"

Fundi alikuwa na tabia moja. Mteja akiuliza bei, alijibu, "Lete kitambaa tu, hatutakosana." Siku ya kuchukua nguo, alimwangalia mteja kutoka utosini hadi unyayoni. Bei ilitoka huko.

"Nilidhani una uwezo," alisema fundi. "Ulikuja na mkoba wa ngozi."

"Mkoba niliazima!" Msafishaji alipiga meza mpaka vifungo vikaruka. "Nadeki sakafu, mimi! Na huyu uliyemwonea huruma kwa sababu ya kandambili, ana nyumba tatu za kupangisha!"

"Nne," alisema mama wa kandambili.

"Na nyinyi wateja je?" Fundi naye alipandwa na hasira. "Kila siku punguza, punguza! Mnadhani uzi unaota ukutani? Nisipopandisha kwa mmoja, nitakula nini?"

"Basi kula hii. Zahanati inataka sare ishirini. Wenzangu walinituma nitafute fundi mwaminifu. Gauni langu lilikuwa la kukujaribu. Umefeli!"

Waliondoka. Fundi aliketi. Sare ishirini zingelipa kodi na chenji ikabaki.

Seremala wa duka la pili alikuwa amesikia yote. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye penseli sikioni. Mtaa mzima ulimwita Randa, kwa sababu ulimi wake ulikwangua kama chombo chake cha kazi.

"Shoga, yule dada ana haki," alisema akiingia. "Usinitolee macho. Chukua kalamu."

"Niache, Randa. Wateja ni wezi."

"Chukua kalamu, nimesema. Uzi, zipu na bitana vya gauni lile?"

"Elfu tatu."

"Sasa kodi, umeme, sindano na mafuta ya mashine. Jumlisha ya mwezi mzima, halafu gawanya kwa idadi ya nguo unazoshona kwa mwezi."

Fundi aliandika, akafuta, akaandika tena. "Elfu mbili kila nguo."

"Gauni lilikula saa ngapi?"

"Nne."

"Na saa yako moja unaiuza bei gani?"

Fundi hakuwahi kujiuliza. "Labda elfu mbili."

"Saa nne, elfu nane. Ongeza elfu mbili ya faida, mashine isije ikaharibika ukaanza kulia. Jumla?"

"Elfu kumi na tano." Fundi aliitazama karatasi. "Kwa hiyo yule wa mkoba nilimwibia elfu tano."

"Ndiyo. Na wa kandambili alikupunja elfu tano, tena mlango ulimfungulia mwenyewe."

Fundi alilipiga teke kapu la vipande vya vitambaa. "Miaka sita! Miaka sita nawatukana wateja moyoni!"

"Tukana, ila bei iandike."

Siku hiyohiyo fundi aliandika bei za nguo kwenye ubao na kuutundika mlangoni. Chini aliongeza: *Bei ni moja kwa wote. Tunakubaliana kabla mkasi haujagusa kitambaa.* Kisha alikwenda zahanati akamrudishia msafishaji elfu tano.

"Nani kakutuma?" aliuliza msafishaji, bila tabasamu.

"Hesabu."

Alimweleza hesabu yote, mstari kwa mstari. Msafishaji alisikiliza akiwa ameshika fagio, akarudi kazini bila kuaga.

Kesho yake mama wa kandambili alileta kitambaa kingine. Aliusoma ubao.

"Hata mimi, fundi?"

"Hata wewe, mama."

Alisonya, akaondoka na kitambaa chake. Fundi hakumwita.

Ijumaa msafishaji alirudi na wenzake wawili na robota la kitambaa cha bluu. Walisoma ubao kwanza. Sare moja, elfu kumi na mbili.

"Punguza," alisema msafishaji.

"Nikipunguza bei, napunguza kazi. Nikitoa mifuko miwili, naokoa nusu saa. Itakuwa elfu kumi na moja."

"Na glavu tuziweke wapi, kichwani? Mifuko ibaki."

Walikubaliana elfu kumi na mbili. Fundi aliandika bei, idadi na siku ya kuchukua. Kila upande ulibaki na karatasi yake. Walilipa nusu palepale, na kodi ya duka ikalipwa kabla ya siku yake.

"Usidhani nimesahau," alisema msafishaji. "Bado nimekukasirikia."

"Kasirika, dada," alijibu fundi, akiikunjua tepe. "Lakini simama wima nikupime."