Sahani ya Jaji Dugas

Saa tano na dakika ishirini na mbili, kifaa cha kunasa simu kilichokuwa kwenye kiti cha abiria kikakoroma, kisha kikatoa maneno matatu.

"Mzee, saa sita."

Inez Metoyer, mpelelezi wa siri wa serikali, alikanyaga mafuta. Ford Bronco yake nyeusi ikaruka reli, ikatua kwa kishindo na kushika barabara ya kinamasi.

Mzee alikuwa Alcide Fruge, mhariri wa zamani aliyegeuka mwanablogu. Wilaya nzima ya kusini mwa Louisiana ilimsoma kabla ya kunywa kahawa. Saa sita angerusha picha: Jaji Leontine Dugas akila na kupeana mkono na Vance Orlick.

Orlick aliingiza kamba wa kugandishwa kutoka ng'ambo. Chini ya kamba, vidonge bandia. Watu kumi na wanne walishazikwa, na Inez alihudhuria mazishi yote. Kesho Jumamosi watu walikuwa wanapiga kura ya kuchagua jaji, na mshindi ndiye angesikiliza kesi ya Orlick. Mpinzani wa Dugas alishatiwa mfukoni zamani.

Picha ilikuwa ya kughushi. Inez alijua, maana aliwasikia kwa masikio yake wakiitengeneza. Alimpigia mkuu wake, Haskell.

"Usitaje tulichonasa," Haskell alisema. "Ukikitaja kabla ya kesi, mawakili wa Orlick wataomba ifutwe."

"Kwa hiyo nikae nitazame?"

"Tumia akili."

Akakata.

Tumia akili! Mtu amekaa ofisini, kiyoyozi kinampuliza, anamwambia mwenzake atumie akili. Inez alipiga usukani kwa kiganja, akampigia jaji mwenyewe.

Akamweleza mambo mawili tu: kuna picha yake na Orlick, iko kwa Fruge. Jaji alijibu kwa sauti ya mahakamani kwamba kanuni hazimruhusu mgombea kuzungumzia kesi iliyo mbele yake. Inez akasema hakuna anayeuliza habari za kesi. Mheshimiwa ampigie tu yule mzee amwambie hakuwa pale. Basi hapo jaji akawaka. Wanablogu si waandishi, alisema, na huyo Fruge, yeye jaji alishamfungia asimpigie simu tangu mwaka jana.

"Simjibu mtu anayeniita bibi kizee wa nyundo," alimalizia.

Majivuno matupu. Watu kumi na wanne wako chini ya udongo, na mtu mzima ananuniana na mwenzake kama watoto wa shule. Inez alitukana peke yake ndani ya gari mpaka akafika.

Saa tano na dakika arobaini na moja.

Nyumba ya buluu, mti wa machungwa, baraza lenye wavu wa mbu. Hatua thelathini mbele kulikuwa na gari jeupe lisilo na namba. Ndani yake alikaa Rudnik, mtu wa kazi chafu wa Orlick, akihakikisha mzee harudi nyuma.

Inez alipita uani. Mfukoni alikuwa na kifaa cha kuziba mawasiliano, kidogo kama kiberiti. Alikibonyeza.

Mtandao wa nyumba ukafa.

Alimkuta Fruge jikoni, kompyuta mezani, birika la kahawa likichemka juu ya jiko. Akajitambulisha kuwa ni mtu wa serikali na kwamba yeye ndiye aliyeuzima mtandao. Mzee alisimama polepole.

"Miaka arobaini niko kwenye kazi hii," alisema. "Nimeshtakiwa na gavana. Gari langu limechomwa moto. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kuniziba mdomo jikoni kwangu."

Inez alijua mzee ana haki. Alikuwa amekuja mbio kupambana na waongo, na sasa amemkaba koo mtu wa magazeti kwa mkono wa serikali. Aliona aibu, na aibu ikamzidishia hasira. Akakizima kile kifaa na kukiweka mezani.

"Rusha ukitaka," alisema. "Lakini itazame kwanza kama mhariri, si kama adui yake."

"Nimeitazama mara ishirini. Miaka kumi na moja namsubiri huyu mama ateleze."

"Basi itazame ya ishirini na moja."

Fruge alisonya, akaketi, akaikuza picha. Uso wa jaji. Pete ya Orlick. Nyuma yao bango la chakula cha hisani cha zimamoto, Ijumaa, Machi 14. Akashuka mpaka kwenye sahani: kamba wa kinamasi, mahindi, viazi.

Akavua miwani.

"Nani kaweka soseji humu?"

Inez hakuelewa. Alilelewa kaskazini mwa jimbo, kwa Wabatisti.

"Ijumaa ya Kwaresima, binti, Mkatoliki hali nyama. Sufuria ya zimamoto siku hiyo haiingii nyama. Na Leontine ndiye anayetuongoza rozari. Simpendi, kichwa chake kikubwa kuliko mahakama. Lakini angelala njaa wiki nzima kuliko kula soseji Ijumaa ile." Akaiweka miwani mezani. "Wamenichagua mimi makusudi. Wamejua nitaiamini, kwa sababu namchukia."

Mlango wa mbele ukapasuka.

Rudnik aliingia na bastola ya Glock yenye kiziba sauti. Akamwelekezea mzee.

"Bonyeza. Dakika nne zimebaki."

Inez alikuwa karibu na jiko. Hakufikiri. Birika likaruka, kahawa ya moto ikampata Rudnik usoni, risasi ikatoboa dari. Kiwiko shingoni. Goti tumboni. Kifundo cha mkono kikalia kama kuni kavu, na bastola ikateleza chini ya friji. Pingu zikafuata.

Fruge hakuinuka hata. Alikuwa anaandika.

"Si waandishi huwa hamwataji waliowapa habari?" Inez alimuuliza, akihema.

"Anayenipa ukweli simtaji. Ila aliyenidanganya namtaja kwa herufi kubwa."

Saa sita kamili akarusha. Picha, duara jekundu kwenye soseji, sura ya Rudnik akiwa sakafuni, na maelezo mafupi: Jaji Dugas hafai, kesho sitampigia kura, lakini picha hii ni uongo wa watu wa Orlick.

Simu zikaanza kuingia, magazeti, redio, kisha jaji mwenyewe. Fruge alimsikiliza, akamwambia kwamba asubuhi alimpigia mara tatu ili ampe nafasi ya kujibu, halafu akamuaga kwa heshima. Akafungua ukurasa mpya.

"Sasa wewe," alimwambia Inez. "Serikali imenizima dakika nane. Hiyo nayo ni habari. Jina?"

Kwa miaka kumi na miwili Inez alikuwa ameitwa Denise, Carla, na Ruth. Jina lake halisi halikuwahi kuchapishwa popote. Likitoka, kufikia jioni Haskell atamwondoa kwenye kazi ya siri, na harudi tena.

"Inez Metoyer," alisema. "Andika na cheo. Na andika kwamba ulikuwa na haki ya kukasirika."

Akamwinua Rudnik kwa ukosi, akavaa miwani ya jua, akatoka naye uani bila haraka.