Neno Lenye Harufu ya Mvua

Nyemo anaishi Kongwa. Kongwa pamekauka! Miezi saba, hakuna hata tone la mvua.

Mama yake yuko Tanga, anasomea uuguzi. Jana alipiga simu.
"Mwaka huu nitaikosa harufu ya mvua ya kwanza hapo nyumbani," alisema. "Naipenda kuliko pilau!"

"Usijali, Mama," akasema Nyemo. "Nitakuwekea."

Leo mchana, ti! Ti! Ti-ti-ti! Mvua juu ya bati!

Nnf! Nnf! Harufu tamu ikapanda kutoka ardhini.

*Nusa, nusa, nusa tena,*
*udongo umeshanena!*

Nyemo akachukua kopo tupu jikoni. Akalipunga hewani. Pap! Akafunika.

"Unafanya nini?" akauliza kaka yake, Ndahani.
"Nimekamata harufu ya mvua. Ni ya Mama."
"Ha! Unafuga harufu? Utailisha nini?"

Mvua ikapita. Nyemo akafunua kopo, kidogo tu. Nnf! Nnf!
"Dagaa!" akalia. "Linanuka dagaa!"

Ndahani akacheka mpaka akakaa chini. Nyemo hakucheka. Mama atapiga simu jioni. Nyemo atampa nini?

Shangazi Matika, mwalimu wa Kiingereza, akampakata.
"Harufu haikai kwenye kopo, Nyemo. Lakini inakaa kwenye neno."

"Neno gani, Shangazi?"

"Waingereza wanalo moja. Wengi wao hata hawalijui! Petrichor. Sema: pe-tri-ko."

"Pe-tri-ko!"

"Ni harufu ya mvua kwenye ardhi kavu. Wataalamu wawili waliliunda kwa maneno ya Wagiriki wa kale. Moja ni jiwe. Jingine ni damu ya miungu wa hadithi zao."

Nyemo akatoa macho. "Jiwe lina damu?"
"Ni kama kusema jiwe nalo liko hai."

*Nusa, nusa, nusa tena,*
*udongo umeshanena!*

Jioni, kriii! Kriii! Nyemo yuko kitandani. Ni Mama!

"Mama, shikamoo. Nimekuwekea neno. Pe-tri-ko."
"Marahaba. Ndiyo nini hiyo?"

"Jiwe lilikuwa na kiu, Mama. Kiu kali! Mvua ikaligusa. Ti! Jiwe likashusha pumzi. Haaaa! Pumzi yake ndiyo petriko."

Mama akanusa. Nnf! Nnf!
"Nyemo! Naisikia harufu mpaka huku! Hebu lirudie, nikawaambie wenzangu bwenini."

"Pe-tri-ko," akasema Nyemo.
"Pe... tri... ko," akarudia Nyemo taratibu, macho mazito.
"Pe... tri..."

Kimya. Nyemo amelala, simu sikioni.

"...ko," akamalizia Mama.