Folda Moja Juu

Haya yalimpata rafiki yangu, mwandishi wa programu. Jirani yake wa meza, tuliyemwita Shemeji, alimwomba akague msimbo wake, yaani maagizo ya kompyuta: ule unaogeuza anwani fupi ya mahali faili zinapohifadhiwa kuwa kamili, kwa kupanda folda moja juu.

Rafiki yangu, akiwahi chakula, aliandika “Nimesoma, iko sawa” bila kusoma hata mstari. Msimbo ukapanda folda mbili, ukaandika juu ya faili zisizo zake, na kazi ya mwaka mzima ikapotea. Bosi alipouliza nani aliupitisha, rafiki yangu alikuwa ameshafuta maneno yake. Shemeji akafukuzwa. Mwezi haukuisha, tukamzika.

Juzi usiku rafiki yangu alipewa msimbo uleule aukague. Umeme ukakatika, ofisi ikawa giza, ukabaki mwanga wa kompyuta yake ya betri. Safari hii alisoma kila mstari. Alipoijaribu anwani, ikamfikisha kwenye folda ya Shemeji, iliyofutwa zamani. Ndani mlikuwa na faili moja tupu.

“Nisamehe, ndugu yangu,” akanong'ona.

Meza ya jirani ikalia: tak. Kwenye faili ikatokea N. Tak. Ikafuata i. Tak. Neno “Nimesoma” lilikuwa linarudi, herufi kwa herufi, na meza ile haina kibodi tangu mazishi.