Kopo Lililopita Mlango wa Wafanyakazi

Asubuhi ile, jamani, uwanja wa ndege ulikuwa umetulia. Dada mmoja wa usafi alikuwa anasukuma mashine ya kung'arisha sakafu ukumbi wa nje, pale anapoingia yeyote: wasindikizaji, wauza kahawa, hata waliofuata kiyoyozi tu. Miaka kumi na moja kazini, hana doa. Shingoni ana kitambulisho chekundu, yaani anaruhusiwa kuvuka mpaka kule ndani, ambako abiria hafiki mpaka akaguliwe hadi soksi.

Mara akatokea mdogo wake wa kiume, ana safari. Huyu si mdogo wa kuchezea. Mama yao alipougua, dada ndiye aliyeacha shule ili yeye asome.

"Dada yangu kipenzi, mbona unazidi kuwa msichana?"

"Sema shida yako, we!"

Akacheka, akatoa kopo la maziwa ya unga. "La mtoto wa mwenyeji wangu kule niendako. Kwenye ukaguzi watalifungua, liingie vumbi bure. Nivushie. Si wewe ni mtu wa ndani?"

Hapo ndipo alipopigwa bao, msomaji. Kwao nyumbani mtu wa ndani ni mtu wa damu, asiyepiga hodi. Dada akasikia undugu, akasahau kwamba pale kazini "ndani" ni neno lenye sheria zake. Akatumbukiza kopo kwenye ndoo, chini ya matambara. Kwenye mlango wa wafanyakazi, mlinzi aliyemzoea akampungia mkono tu: "Pita, mama usafi." Ndoo haikupita kwenye mashine.

Mdogo wake alipokwisha kukaguliwa, akamkabidhi kopo karibu na vyoo vya abiria. Kijana hakufika hata hatua kumi, maafisa wawili wakamzuia. Kumbe walikuwa wanamfuatilia tangu alipoingia. Wakafungua kopo.

"Nini hiki?"

Dada akaja mbio kumtetea. "Maziwa ya unga hayo, baba!"

Afisa akanusa. "Unga, kweli. Maziwa ndiyo siyaoni."

Dada akamgeukia mdogo wake. "Waeleze basi."

Kijana akamtazama, macho makavu. "Huyu mama simjui. Kanishikisha tu."

Huyu mama! Mtu aliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

Kamera ya ukumbi wa nje ndiyo iliyoonyesha nani alimpa nani. Kijana akafungwa kwa dawa za kulevya. Dada alikaa mahabusu wiki sita, akatoka, kitambulisho kikakatwa kwa mkasi mbele ya macho yake. Yeye na yule mlinzi, kazi ikaota mbawa.

Alipofika nyumbani, mama yao hakumpa hata kiti.

"Si ungesema ni lako?" akamwambia. "Wewe umeshakula chumvi. Mwenzio bado kijana."

Dada akamuuliza palepale mlangoni: "Na mimi, mama, ni mtoto wa nani?"



FUNZO

Ukumbi wa nje ni wa kila mtu. Kule ndani si pa dada wala kaka, ni pa mzigo uliokaguliwa. Ukipewa kitambulisho cha kuvukia, usimvushie mtu kitu, hata kama mmenyonya ziwa moja. Na nyinyi ndugu wa "si upo pale, nisaidie": ukimtuma mwenzio jambo unaloliogopa mwenyewe, umeshamuuza. Anayekupenda atapanga foleni, afungue begi lake mwenyewe.