Aliyewasha Swichi

Huyu fundi tuliishi naye ukuta kwa ukuta, na mtaa mzima ulimwita Bisibisi. Alikuwa mtu wa utani na vicheko, hodari wa kufufua printa za maofisini. Siku hiyo alitoka baada ya chakula cha mchana, mkoba wa vifaa begani, anapiga mluzi. Mkewe akamkumbusha arudi na sabuni. Hakumwambia anakwenda wapi, maana angemzuia mlangoni.

Alikuwa anakwenda kwenye ofisi alikofia kaka yake.

Kaka mtu naye alikuwa fundi, tena ndiye aliyemfundisha kazi. Walimkuta amepiga magoti mbele ya printa kubwa, mikono imezama ndani, imeungua hadi mifupani. Meneja alieleza kwamba marehemu alisahau kuchomoa plagi. Watu wakalia, wakazika, wakatawanyika. Lakini Bisibisi jambo hilo lilimkaa kooni. Kaka yake asahau plagi? Mtu aliyekuwa akizima hadi redio kabla ya kuifuta vumbi?

Aliyempigia simu kumwita kazini ni katibu muhtasi wa ofisi hiyo, binti ambaye kaka yake alikuwa amemchumbia. Alimpokea mlangoni, macho mekundu.

"Shemeji, printa mpya imekufa. Meneja ameitoa stoo ile ya zamani, ile iliyomuua kaka yako, anataka itengenezwe leo leo."

"Anajua mimi ni nani?"

"Atakujuaje? Msibani hakukanyaga." Akamsogelea, akanong'ona. "Jana niliisikia inanguruma, shemeji. Na haikuwa imechomekwa popote."

Bisibisi akacheka kidogo ili kumtuliza. Kicheko kilimkaukia alipoiona mashine. Pembeni ilikuwa bado na masizi.

Akaanza kazi kama alivyofundishwa. Akapima soketi ya ukutani: umeme upo. Akapima waya: mzima. Akabonyeza swichi ya printa: kimya. Akachomoa plagi, akailaza juu ya zulia mahali anapoiona. Akafungua ubavu wa mashine, akatoa fyuzi. Kioo chake kilikuwa cheusi tii. Fyuzi ikiungua hivyo, kuna kitu ndani kimepiga shoti, na mahali pa kutafuta ni kwenye bodi ya umeme.

Hapo alikuwa mwangalifu. Kwenye bodi ile kuna kapasita nene kama kidole gumba, inayoweza kubaki na umeme hata plagi ikiwa nje. Akaigusisha nyaya za balbu ndogo ili kuinyonya. Balbu ikamulika, ikafifia, ikazimika. Mita ikasoma sifuri.

"Safi," alisema.

Balbu ikawaka tena.

Akatazama zulia. Plagi ilikuwa pale pale, meno juu. Balbu ikazidi kung'aa, ikawa nyeupe, ikapasuka. Vioo vikamchana shavu. Ndani ya mashine feni ikaanza kuzunguka, na chumba kikajaa harufu ya nyama inayoungua.

Trei ikavuta karatasi. Karatasi ikatoka ya moto, na juu yake viganja viwili vyeusi, vimetandazwa kama vya mtu anayesukuma mlango kutoka ndani.

"Ni vyake," binti alinong'ona. Kidole kimoja kilikuwa kifupi. Kaka mtu alikatika kidole hicho utotoni.

Mlango ukafunguliwa. Meneja akaingia, tai imening'inia.

"Kumbe imepona! Mbona mmenuna kama mko matangani?"

"Bosi, haina umeme," alisema binti.

"Haina umeme na inatoa karatasi?" Akacheka. Akainama kuchungulia.

Tai ikanaswa.

Roli zinazovuta karatasi zikaivuta. Kwa nguvu. Paji la uso likagonga chuma, likapasuka. Akajaribu kujinasua, roli zikavuta tena. Shavu likafika kwenye roli ya moto inayokausha wino. Likachemka. Mayowe yake yalisikika hadi barabarani.

"Zima! Zimeni!"

"Hakuna cha kuzima!" Bisibisi alipiga kelele, akipapasa mkoba akitafuta kisu.

Mashine ikanguruma. Damu ikatiririka kwenye trei.

"Nilikuwa mimi!" meneja alilia, jicho lake zima likimtazama binti. "Mikono yake ilikuwa ndani! Nikaichomeka, nikawasha! Nilitaka uwe wangu!"

Feni ikasimama.

Bisibisi alikuwa ameshika kisu. Alisimama nacho kwa muda ambao baadaye hakuweza kuusema. Kisha akaikata tai. Meneja akaanguka chali, ngozi ya shavu imebaki kwenye roli.

Akajiinua. Akashika mashine ili asimame.

Mikono ikaingia.

Ilivutwa hadi viwiko. Mifupa ikavunjika kama kuni kavu. Bisibisi akamkumbatia kiunoni, akavuta kwa nguvu zote, na pigo la umeme likamrusha ukutani, meno yakagongana, mdomo ukajaa damu. Alipofumbua macho, meneja alikuwa amepiga magoti mbele ya printa. Nywele zilikuwa zinafuka moshi. Binti amejibana kwenye kona, amejiziba masikio.

Plagi ilikuwa juu ya zulia.

Polisi waliandika hitilafu ya umeme, wakaondoka wakiangaliana. Bisibisi aliacha ufundi. Siku hizi anauza mkaa, na binti yule humtembelea.

Lakini dada wa meneja, aliyekuwa akiishi naye, ana lake la kusimulia. Jioni ile alirudi kutoka hospitali alikokwenda kuutambua mwili, akafungua nyumba waliyoifunga wenyewe asubuhi. Hakuna dirisha lililovunjwa. Hakuna kilichoibwa. Ila soketi zote za ukutani zilikuwa zimefunguliwa, chumba hadi chumba, nyaya zimechomolewa nje. Skrubu zake zilipangwa vizuri, kama afanyavyo fundi makini, juu ya mto wa kitanda cha meneja.

Akaokota moja. Ikamuunguza vidole.