Ramani Iliyoshonwa kwa Uzi

Kilichoibwa hakikuwa pesa wala cherehani. Ilikuwa shuka moja nyeupe ya kitanda. Inspekta Gustave, mwenye miaka kumi na tisa katika upelelezi wa Bunia, hakuwahi kuona mtaa mzima ukililia shuka.

"Niandike nini hapa?" alimuuliza Mama Kaswera, fundi wa kushona, wakiwa ndani ya karakana yake ya mbao. "Shuka moja?"

"Andika ramani, Papa Inspekta. Mwaka muzima tuliishona. Kila mama alishona nyumba yake na uzi yake. Mutaro, vyoo, chemchemi, yote iko pale."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Tajiri mmoja alitaka kujenga machinjio juu ya kilima, na damu ingeteremka hadi kwenye chemchemi inayonywesha familia mia tatu. Katika mchoro wake wa kompyuta chemchemi haikuwepo kabisa. Pale paliandikwa "kiwanja kitupu". Akina mama wakamjibu kwa sindano. Saa nne asubuhi hiyo tume ya mipango ya mji ilikuwa inakaa kuamua, na bila ramani neno lao lingekuwa upepo.

Inspekta alikagua mlango. Kamba ya komeo ilikuwa nzima. Cherehani mbili mpya zilikuwa mahali pake.

"Adui yenu ni nani?"

"Yannick, musimamizi wa ule tajiri. Juma iliyopita alitucheka mbele ya watu."

Simu moja tu ilimwondolea Yannick shaka. Tangu juzi alikuwa Aru, mpakani, akihangaika na forodha, na askari wa zamu kule alikuwa amemwona asubuhi hiyo hiyo.

"Huu mlango unaachwa wazi?"

"Saa ya maji tu. Alfajiri siye wote tuko kule chini. Nani ataiba?"

Kikulacho ki nguoni mwako, Inspekta alijisemea, na akateremka chemchemini.

Pale bidoni, yaani madumu ya maji, husimama foleni badala ya watu. Unaweka yako, unakwenda kuwasha moto, na hakuna atakayekuruka, maana kila bidoni ina alama ya mwenyewe. Kando ya foleni ilisimama moja ya njano yenye kitambaa chekundu, kavu kabisa.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Mama Gertrude," alijibu Solange, aliyekuwa akichota. "Zamu yake ilifika, hakuonekana. Tukaisogeza."

"Hukosa zamu mara nyingi?"

"Hata siku moja. Anafikaka wa kwanza."

Mtu wa namna hiyo haachi maji kwa jambo dogo. Gertrude alikuwa mkulima wa Djugu aliyekimbia vita, na kibanda chake cha udongo kilikuwa hatua kumi tu kutoka chemchemini. Kaswera alimfuata Inspekta hadi mlangoni.

"Shuka iko wapi, mama?"

"Shuka gani?"

"Uliacha bidoni kwenye foleni. Ulikwenda wapi?"

"Nilirudi huku."

"Mikono mitupu?"

Gertrude aliinama, akaitoa chini ya godoro. Ilikuwa imekunjwa vizuri, haina hata doa.

"Tajiri alikutuma?"

"Hakuna mutu alinituma. Nilitaka niichome. Nikashindwa, nyumba yangu iko ndani."

Aliitandaza kitandani. "Ona hii mustari ya buluu kuzunguka chemchemi. Bakaiongeza juma iliyopita. Ndani yake nyumba haitabakia. Nyumba yangu nilishona na mukono yangu, na mustari ikaifunga ndani. Djugu, bakanichomea. Kambini, bakatufukuza. Sasa ni rafiki zangu, na sindano."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Nani alishona mstari huu?" aliuliza Inspekta.

"Mimi," alisema Kaswera mlangoni. "Tulipima hatua makumi tatu, maji ikae safi. Gertrude hakukuwa kwa mukutano siku ile, na sikukuja kumuuliza. Tunapigana na mutu alisahau chemchemi yetu kwa ramani yake, kumbe mimi nimesahau rafiki yangu."

"Unashitaki?"

"Nishitaki nani? Kosa iko yangu." Akamgeukia Gertrude. "Mustari siwezi kuitoa. Watoto wanakunywa hapa. Lakini hakuna mutu atatoka bila kiwanja. Na hiyo utaisema weye mbele ya tume, si mimi."

Inspekta alikuwa amekutana na watu wengi wanaopigania haki yao. Wanaokubali makosa yao huku wakiipigania, aliwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Alifunga daftari, akawapeleka wote wawili kwenye tume kwa gari la polisi, na hakuona haya hata kidogo kulitumia kwa ajili ya shuka.

Saa nne Gertrude alitandaza shuka mbele ya tume.

"Nyumba yako ni ipi?" aliuliza mwenyekiti.

Aliweka kidole. "Hii, ndani ya mustari. Kama munanipa kiwanja ingine, kwa maandishi, mimi nitahama, maji ipone. Nyumba ni yote niko nayo." Akamtazama tajiri aliyekaa mbele. "Sasa muulizeni na yeye. Atatoa nini?"

Tajiri alianza kuukunja mchoro wake. Kabla ya adhuhuri machinjio yalikataliwa, na kiwanja cha Gertrude kikaandikwa katika uamuzi uleule.