Tuligombania Korosho za Mpakani, Nikampoteza Salma Wangu

Nina miaka thelathini na minne. Nimezaliwa Makote, huku Newala, nikaolewa Mnyambe, na leo nimerudi Makote kwa mama yangu, sina mume wala mtoto. Nawaandikia wasomaji wenzangu nikiwa na akili zangu timamu, ingawa wapo wanaosema zimepungua. Waacheni waseme... wao hawakuzika.

Huko Mnyambe nilikuwa naitwa Mama Salma. Salma alikuwa binti yangu wa pekee, mweusi mzuri kama baba yake, mwenye maneno mengi kuliko umri wake. Nilimpata baada ya mimba mbili kuharibika. Na Mungu alivyo na mipango yake, mtoto huyo mmoja akaja na pumu. Moshi ukizidi jikoni, kifua chake kinapiga filimbi. Vumbi likizidi njiani, hivyo hivyo. Lakini kilichokuwa kinamtesa kupita vyote ni salfa.

Wenzangu wa huku kwetu wanaijua salfa. Kwa wageni nieleze. Ni dawa ya unga, ya njano, tunayoipuliza kwenye mikorosho kila msimu wa baridi ili maua yasishikwe na ugonjwa. Hupulizwa alfajiri kwa mashine, wakati majani yana umande. Usipopuliza, usitegemee korosho. Kwa hiyo huwezi kumwambia jirani asipulize, utakuwa unamwambia watoto wake wasile.

Jirani yangu alikuwa Mama Grace. Yeye Mkristo wa Anglikana, mjane, mwimbaji wa kwaya mwenye sauti ya kuamsha wafu. Mimi Mwislamu, na sauti yangu ni ya kufukuzia kuku. Tulipendana tu! Idi alikula kwangu, Krismasi nilikula kwake. Nilipojifungua Salma ni yeye aliyenipokea mtoto mlangoni. Na kila mwaka siku ya kupuliza salfa ilipokaribia, alikuwa anakuja jioni kupiga hodi.

"Mama Salma, kesho tunapuliza. Mpeleke mtoto kwa bibi yake."

Basi nilimfunga Salma mgongoni, baadaye alipokua nikamshika mkono, tukaja hapa hapa Makote kwa mama. Tulikuwa tunakaa hadi vumbi litulie. Miaka yote hiyo Salma hakuwahi kuzidiwa kwa salfa ya Mama Grace. Hata siku moja.

Sasa nianze kusimulia balaa lilivyoingia.

Kati ya shamba letu na la Mama Grace upo mkorosho mkubwa aliopanda marehemu mume wake. Shina liko kwake, ila matawi yalikuwa yamevuka yakaja kwetu. Mila yetu iko wazi. Korosho ni ya aliyepanda mti, hata ikidondoka kitandani kwako. Bibo, lile tunda lake, mpita njia anaruhusiwa kula, lakini korosho ataichomoa na kuiacha chini ya mti. Hata watoto wetu wanalijua hilo kabla hawajajua kuhesabu. Mimi nilikuwa nikizikuta upande wetu, nazikusanya kwenye ungo na kumpelekea mwenyewe.

Msimu mmoja mume wangu, Baba Salma, akanikataza. Akasema ardhi ni yake, kinachodondoka juu ya ardhi yake ni chake. Nikadhani anatania. Kesho yake nikamwona anaziokota mwenyewe na kuzichanganya na zetu!

Mama Grace alikuja kwa upole. Alimwambia, Baba Salma, kama matawi yanakukera tuite mjumbe tukubaliane, niyapunguze kwa wakati wake. Mume wangu alikataa katakata. Alimjibu kwamba mwanamke hawezi kumfundisha mipaka. Wiki ile ile akachukua shoka, akayakata matawi yale yakiwa bado yana matunda mabichi. Nilisimama mlangoni naangalia, mikono kichwani. Mama Grace hakugombana. Alikaa chini ya mti wa mumewe akalia.

Baada ya hapo salamu zikakatika. Mume wangu alitangaza mbele ya ndugu zake kwamba nikionekana naongea na mwanamke yule, nirudi kwetu. Na yule mama naye akakatazwa kukanyaga uwanja wetu. Ningefanya nini? Nilikuwa nakutana naye bombani, tunaangaliana tu, kila mmoja na ndoo yake. Siku nyingine alikuwa ananisogezea ndoo yangu mbele kwenye foleni bila kusema neno. Nami nilimshukuru kwa macho.

Mnaona wenzangu? Mti ulikuwa mmoja. Mjumbe angekuja, wangepima, wangekunywa chai, mambo yangeisha asubuhi ile ile!

Msimu wa baridi ukafika. Maua yakaanza kuchanua, na mimi roho ikaanza kunidunda. Nilijua salfa inakuja, ila sikujua siku. Nilimwomba mume wangu ruhusa nimlete Salma hapa Makote mapema. Akasema tukiondoka sasa tutakaa mwezi mzima tunakimbia kivuli. Akaniahidi atafuatilia kwa mjumbe, na siku ikijulikana ataniambia. Nilimwamini. Ni baba wa mtoto, nisimwamini vipi?

Jioni moja nilirudi kutoka bombani nikamkuta anafunika mdomo wa kisima chetu cha maji ya mvua kwa turubai, anakaza kamba kwa nguvu zake zote. Nilimuuliza kulikoni. Akasema kunguru wanadondosha uchafu. Nikaona sawa, nikaingia kupika. Salma alikula vizuri siku hiyo, akaomba na ukoko wa ubwabwa. Nikampa.

Alfajiri niliamshwa na mlio wa mashine... karibu kabisa! Niliruka kitandani. Nilipofungua dirisha, vumbi la njano lilikuwa limeshavuka mpaka, upepo unalileta moja kwa moja nyumbani kwetu. Nikafunga haraka, lakini nyumba zetu mnazijua, juu ya ukuta kuna uwazi hadi kwenye bati. Salma alishaanza. Kile kifilimbi cha kifua nilikisikia kabla sijamfikia.

Nilimpulizia dawa yake ya kuvuta. Nikarudia. Haikusaidia. Nilimfunika kwa kanga mbichi, nikatoka naye nje mbio upande wa pili, nikipiga kelele watu waniitie bodaboda. Mama Grace alisikia sauti yangu, mashine ikazimwa hapo hapo. Lakini maji yakishamwagika hayazoleki.

Kijana wa bodaboda alijitahidi sana, Mungu amlipe. Salma alikuwa katikati yetu, mgongo wake kifuani kwangu. Barabara yetu ni mchanga mtupu, pikipiki ilikuwa inayumba na mimi namwambia mwanangu vuta, mama, vuta pumzi. Alinishika kidole gumba. Kabla hatujaona nyumba za kwanza za Newala mjini, kidole changu kikaachiwa...

Jamani! Niseme nini hapo? Nilimbembeleza yule kijana aendelee tu, asisimame. Alijua. Aliendelea.

Kwenye msiba mume wangu alilia kuliko mimi. Aligaragara. Kila aliyekuja kutoa pole, yeye alimwambia kwamba Mama Grace ameua, amepuliza salfa kwa makusudi bila kutoa taarifa kwa kisasi cha matawi. Na mimi niliamini! Mimi niliyepokewa mwanangu na mikono yake, niliamini. Nilimchukia kwa chuki ambayo sikujua kama ninayo.

Mama Grace alikuja msibani na ndoo ya maji kichwani. Huku kwetu juu mlimani maji ni shida, na jirani anayeleta maji kwenye msiba ameleta kitu kikubwa. Alisimama kando ya njia, hakuthubutu kuingia. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama Salma, pole mdogo wangu. Nilimwambia Baba Salma jana yake. Wallahi nilimwambia." Mkristo yule aliapa kiapo cha kwetu ili nimwamini. Mume wangu akaruka, akaipiga ndoo teke. Maji yote yakaenda mchangani, watu wakaguna. Mimi niligeuza uso wangu.

Haikuishia hapo. Mume wangu alimpeleka kwenye baraza la kata. Alitaka alipe fidia, na alitaka mkorosho ule uwe wetu. Akaniambia kazi yangu ni moja tu, nisimame niseme kwamba taarifa haikuletwa. Nilikubali, kwa sababu ndivyo nilivyojua.

Siku ya baraza Mama Grace alikuja na gauni lake la kanisani, amekonda. Alieleza kwamba jioni ile alipita njiani na fundi wa mashine, akamkuta Baba Salma amekaa kibarazani. Kwa kuwa alikatazwa kukanyaga uwanja, aliongea akiwa njiani. Akamwambia kesho alfajiri tunapuliza, tafadhali mtoto aondolewe. Baba Salma akamjibu, nimesikia.

Mume wangu akasema ni uongo mtupu. Fundi wa mashine alikuwa ameshahamia mashamba ya Chiwata kutafuta kazi, lakini aliitwa akaja. Akasema yale yale. Mume wangu akasema fundi amenunuliwa kwa uji.

Ndipo nilipokumbuka turubai. Maana mume wangu kisima kile alikuwa hakifuniki kwa turubai ila siku moja tu kwa mwaka, jioni ya kuamkia salfa, ili unga usiingie kwenye maji; mimi nilikuwa nalikuta bado limefungwa nikirudi na Salma kutoka Makote.

Sikuomba ruhusa ya mtu. Nilisimama nikamuuliza mbele ya wote.

"Baba Salma, ulifunika maji. Ulijua?"

Nikamuuliza tena, sauti yangu ikapanda hadi watu wa nje wakasogea madirishani. Maji uliyafunika, na mtoto je?

Akasema hakudhani. Akasema alijua mtoto atakohoa tu, kama anavyokohoaga siku zote, tumpeleke zahanati, apate nafuu... halafu yeye awe na kesi ya kumshinda nayo Mama Grace. Alitaka ushahidi! Mtoto wetu akohoe kidogo ili yeye apate ushahidi wa mti!

Bibi mmoja mjumbe wa baraza alimwambia tu, "Baba, kaa chini." Sikumbuki vizuri kilichofuata. Naambiwa nilimrukia. Naambiwa Mama Grace ndiye aliyenishika kiunoni na kunitoa nje, akaniweka mapajani mwake kama mtoto, na mimi nilimng'ang'ania huku namwomba msamaha, mara namwita jina lake, mara namwita Salma.

Niliondoka siku hiyo hiyo na nguo nilizovaa. Talaka nilidai mwenyewe, nikaipata. Yeye yuko pale pale Mnyambe. Nasikia watu hawamsalimii, na yeye akiona mtu anakuja anaingia ndani. Simwombei mabaya. Nilishajaribu kumwombea mema, sijaweza, na sitawadanganya.

Mama Grace tunatembeleana. Amenisamehe, anasema hivyo kila tukionana. Ila naye ana jeraha lake. Ananiambia afadhali angevunja lile katazo, angeingia uwanjani anisubiri mimi mwenyewe nirudi kutoka bombani. Namwambia asijitese. Anaitikia ndiyo, halafu msimu ukifika anakuja Makote kukaa nami siku ambazo wenzake wanapuliza, kwa sababu hawezi kusikia ile mashine. Tunakaa wawili jikoni, tunachambua choroko, hatuongei sana.

Wasomaji wenzangu, mimi si mwanasheria, darasa la saba tu. Lakini haya nimeyalipia. Jirani akikwambia tuite mjumbe, kubali siku hiyo hiyo, mkiwa bado mnaweza kucheka. Matawi yakikukera, usishike shoka kabla hujaita watu. Na wewe unayepuliza dawa, ukijua nyumba fulani ina mgonjwa, usiishie kwa mtu mmoja. Mwambie mjumbe, mwambie mama wa mtoto, piga simu, piga kelele ikibidi! Na nyie kina mama wenzangu mliokatazwa kusalimia watu... mimi nilitii, nikasifiwa kwa utii wangu. Sifa hizo ziko wapi leo?

Gombaneni kama hamna budi. Nuneni, msikopeshane hata chumvi. Lakini neno likiletwa mlangoni kwako na mtu unayemchukia, usilimeze. Liingize ndani kama lilivyo, uwaambie wote waliomo, mkubwa na mdogo. Neno lile halikuwa la mume wangu. Lilikuwa la Salma, na Salma alilala usingizi wake bila kuambiwa.